Giza la Macho na Giza la Moyo kwa Wazee Wetu

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sina ugomvi na wahenga, lakini nina swali. Je, yule aliyeishi kwingi hata macho yakamfifia, anaona nini? Na kama haoni, anahisi nini moyoni? Wasomaji wapenzi, swali hili si la mdahalo wa Ijumaa. Linawahusu watu tunaowaacha nyumbani kila tunapofunga masanduku na kurudi shuleni. Nawasema nyanya na babu zetu wa Rongo, Awendo, Nyatike, Ndhiwa, Oyugis na Mbita, wanaoketi kitini mlangoni kutwa nzima, na mpita njia akiuliza wana nini anajibiwa, "Ah, huo ni uzee tu."

Nataka kueleza katika kurasa hizi kwamba mara nyingi huo si uzee tu. Ni magonjwa mawili yaliyoshikana mikono. La kwanza liko machoni. La pili liko moyoni, au tuseme akilini, na sisi wa Kenya huliita unyogovu, ilhali ndugu zetu wa Tanzania huliita sonona. Ukilitibu la macho, aghalabu la moyo nalo hupata nafuu. Ukiyaacha yote mawili yatamla mzee polepole, na kijiji kizima kitaona ni kawaida.

Kwanza tuelewane kuhusu unyogovu, maana siku hizi neno hili linatumiwa ovyo. Mwanafunzi akipata alama D katika Hesabu anasema ana unyogovu, kumbe jioni hiyo hiyo yuko uwanjani anapiga mpira na mluzi. Hiyo ni huzuni, na huzuni ni ya kila binadamu. Unyogovu ni huzuni iliyokataa kuondoka. Madaktari huanza kuushuku mtu akikaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, akiwa mzito wa moyo au hana hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha. Fauka ya hayo usingizi huharibika, chakula hukosa ladha, nguvu huisha bila kazi, na mtu huanza kujiona hana maana.

Kwa wazee ugonjwa huu huvaa nguo nyingine. Ni nadra kumsikia mzee wa kwetu akisema "nina huzuni." Atakuambia mgongo unauma. Atakuambia samaki wa siku hizi hawana utamu. Atakuambia aliamka jogoo wa kwanza na hakulala tena. Katika Dholuo tuna neno kuyo, yaani huzuni, na tuna parruok, yaani kule kuwaza na kuwazua mtu asipate utulivu. Lakini maneno haya mawili huchukuliwa kuwa mambo ya maisha. Hakuna anayeyapeleka zahanati. Na mzee akianza kukonda kwa kukosa hamu ya chakula, wapo watakaonong'ona kuwa ni chira, kwamba kuna mwiko aliouvunja yeye au wa nyumbani mwake. Basi badala ya kutafutiwa dawa, anatafutiwa kosa. Mimi naiheshimu mila, lakini hapa nadhani inamtwika mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule alio nao.

Sasa tuyaunganishe macho na moyo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona, la karibu au la mbali, na kwamba bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijashughulikiwa. Wengi wao wamepita miaka 50. Mwaka 2021 jarida la madaktari wa macho la Marekani, JAMA Ophthalmology, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za wagonjwa ambao macho yao yamepungukiwa na nuru kwa sababu ya maradhi. Ilionekana kwamba takriban mtu 1 kati ya 4 alikuwa na unyogovu au dalili zake. Hali kwa wazee wote kwa jumla, wanaoona na wasioona, ni kama asilimia 6 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Najua mwalimu wetu wa Hesabu atasema vipimo viwili tofauti havilinganishwi hivi hivi tu, na ni kweli. Hata hivyo pengo hilo si la kupuuzwa.

Lakini takwimu hazionyeshi jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Wacha nieleze kwa nyanya yangu mzaa mama, anayeishi upande wa Ndhiwa, kwa sababu kwake nililiona likitokea hatua kwa hatua.

Dana, kama tunavyomwita, alikuwa muuza njugu karanga. Njugu alizipima kwa gorogoro, na sokoni hakuna asiyemjua. Macho yalipoanza kuwa na ukungu, kitu cha kwanza kilichompotea kilikuwa noti. Siku moja mteja alimpa noti ya 50 na kumwambia ni ya 200, naye akatoa chenji. Jioni alipohesabiwa pesa na mjukuu akagundua. Hakulia wala hakugomba. Jumatano iliyofuata alisema miguu inamuuma, hakwenda sokoni. Na Jumatano ya pili hakwenda.

Kisha likaja jambo la salamu. Alipishana njiani na mkwe wake, mtu wa heshima zake, akapita kama aliyepishana na mti. Mnajua mambo ya wakwe kwetu yalivyo. Neno likazunguka kwamba mama yule siku hizi ana kiburi. Lilipomfikia akaacha kwenda kanisani, kwa maana kanisani ndiko kwenye watu wengi wa kuwasalimu. Baadaye aliungua mkono akitoa sufuria jikoni, na mama akamkataza kupika. Mama alifanya hivyo kwa mapenzi, lakini hebu fikiria: mwanamke aliyelisha watu miaka 50 anaambiwa aketi, ataletewa.

Halafu kuna simu. Wazee wengi waliofika miaka 70 hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii. Na hata asiyezipokea, mtoto aliye Nairobi au Mombasa humtumia kitu kidogo kwa M-Pesa. Asiyeona kioo cha simu ni lazima ampe mtu mwingine namba yake ya siri. Namba ya siri inayojulikana na wajukuu wanne si ya siri tena. Mzee hawezi kujua kilichoingia wala kilichotoka, na akiuliza sana anaambiwa anashuku watu. Basi ananyamaza.

Ukitazama moja moja, kila jambo lilikuwa na sababu yake ndogo. Soko ni miguu, kanisa ni kiburi, jiko ni kuungua, simu ni mambo ya vijana. Ukiyajumlisha unapata mtu aliyenyang'anywa kazi, marafiki, heshima na siri zake, yote katika mwaka mmoja na nusu. Nilipomtembelea likizo ya Agosti nilimkuta ameketi, redio ya Ramogi imezimwa, na redio ile ilikuwa haizimwi. Nilimuuliza, "Dana, mbona husikilizi matangazo?" Akanijibu, "Wacha tu, nyakwara. Mimi sina shughuli tena na habari za dunia." Ndivyo unyogovu unavyosema ukipata mdomo. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Mambo ya mwili nayo yamo. Nuru inayoingia jichoni ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutuwezesha kuona. Ya pili ni kuupasha ubongo habari kwamba sasa ni mchana, sasa ni usiku, ili usingizi uje kwa wakati wake. Nyuma ya jicho ziko chembe maalumu za kazi hiyo, na zinaitegemea zaidi nuru ya rangi ya buluu. Jicho lililozibwa na ukungu huipitisha kwa shida. Ongezea kwamba mzee asiyeona anaogopa kutoka nje asije akajikwaa, kwa hiyo anakaa ndani gizani mchana kutwa. Usingizi ukivurugika, moyo nao huvurugika. Na wenye kuogopa kuanguka hawatembei, wasiotembea hulegea misuli, na waliolegea misuli ndio huanguka. Ni mzunguko kama wa ng'ombe wa kusaga.

Liko jambo moja zaidi ambalo ningependa kila msomaji alijue, kwa sababu limewatesa wazee wengi kimyakimya. Baadhi ya watu wanaopoteza nuru ya macho huanza kuona vitu visivyokuwepo: watu wadogo waliovaa vizuri, wanyama, nyuso, maua ukutani. Mzee wa kwetu akiona hivyo atadhani ni pepo wa marehemu aliyekuja kudai haki yake, au atadhani amekuwa mwendawazimu. Hathubutu kumwambia mtu. Kumbe jambo hili liliandikwa zamani sana. Mwaka 1760 mwanachuoni wa Geneva aitwaye Charles Bonnet alieleza habari za babu yake, Charles Lullin, mzee wa karibu miaka 90 ambaye macho yake yalikuwa yamedhoofika. Mzee huyo aliona watu, ndege na majengo mahali pasipo na kitu, ilhali akili yake ilikuwa timamu na yeye mwenyewe alijua havipo. Ubongo uliozoea picha, ukikosa picha, hujichorea zake. Hali hiyo sasa inaitwa kwa jina la Bonnet. Hainihusu, lakini nafurahi kuwa mjukuu alimsikiliza babu yake, akaandika badala ya kumcheka.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini watu wa Migori na Homa Bay tuliukubali upofu wa uzeeni kama kitu cha kawaida? Nadhani sababu moja ni historia. Zamani, kabla ya kaunti hizi kuwako na hata kabla eneo hili halijaitwa Wilaya ya Nyanza Kusini, upofu ulikaa kwenye mito yetu. Bonde la Kodera karibu na Oyugis, na kingo za mto Kuja na mto Migori, vilikuwa na usubi, yaani inzi wadogo weusi wanaouma. Usubi huo ulibeba minyoo midogo kutoka mtu hadi mtu. Minyoo ile huzaliana chini ya ngozi, na vitoto vyake vikifika machoni miaka kadhaa ikapita, mtu hupofuka. Ndio ugonjwa wa upofu wa mtoni.

Wataalamu wawili, Garnham na McMahon, waliushambulia usubi wa Kodera katika miaka ya 1940 kwa kumwaga dawa ya DDT mitoni, na taarifa ya kazi yao ikachapishwa mwaka 1947. Palikuwa na kitendawili lakini. Vitoto vya usubi ule havikuonekana kwenye mawe wala majani ya mtoni kama vya aina nyingine. Vilikuwa wapi? Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza katika jarida la Nature kwamba wameviona vimejishikiza juu ya kaa wa maji baridi. Kaa yule yule ambaye watoto hucheza naye ndiye alikuwa nyumba ya usubi! Kazi iliendelea katika mito mingine na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 usubi huo ulikuwa umefutwa katika Nyanza. DDT yenyewe ina madhara yake kwa viumbe wengine na leo haimwagwi mitoni hivyo, lakini huwezi kukataa kwamba iliokoa macho mengi ya hapa kwetu.

Nimelitaja hilo kwa sababu upofu wa mtoni ulikuwa haurudi nyuma. Aliyepofuka amepofuka. Watu waliokulia katika hali hiyo, na watoto waliowalea, walijifunza kwamba macho yakienda yamekwenda. Usubi ulikufa, lile somo likabaki. Na leo mzee wa Kabondo akiona ukungu anajiambia maneno ambayo yalikuwa kweli kwa baba yake, nayo kwake huenda si kweli kamwe.

Kwa maana siku hizi adui mkubwa wa macho ya wazee, hapa na duniani kote, ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi safi kama kioo. Miaka inavyosonga lenzi ile hupata ukungu, polepole kama dirisha la jikoni linavyoshika moshi. Hakuna maumivu. Kisukari, jua kali la miaka mingi, sigara na majeraha huharakisha mambo, lakini hata asiye na lolote kati ya hayo huweza kuupata kwa kuzeeka tu. Ukiendelea sana, mboni iliyokuwa nyeusi huonekana nyeupe. Hakuna dawa ya kutia matone inayoufuta. Hakuna majani, maziwa ya mama wala mkojo unaoufuta, na vitu hivyo vimeharibu macho ambayo yangepona. Kinachouondoa ni upasuaji: lenzi yenye ukungu hutolewa na ya plastiki huwekwa mahali pake.

Asili ya lenzi hiyo ya plastiki ni hadithi tamu. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka vioo vya ndege zilizopigwa. Aliona kwamba jicho lilivivumilia vipande vile, halikuvimba kama lilivyofanya kwa vitu vingine. Akawaza, kwa nini nisitengeneze lenzi kwa kitu hicho hicho? Alianza kazi hiyo tarehe 29 Novemba 1949 katika hospitali ya St Thomas', London. Wakubwa wengi wa taaluma yake walimpinga miaka na miaka. Leo mamilioni ya watu hufanyiwa upasuaji huo kila mwaka. Wengi hawalazwi usingizi, jicho pekee ndilo hutiwa ganzi, na kazi yenyewe kwa kawaida haifiki nusu saa.

Basi kama ni rahisi hivyo, mbona wazee bado wameketi milangoni? Umaskini na umbali ni sababu, sikatai. Nauli ya watu wawili kutoka Muhuru au Mfangano hadi mjini, kwenda na kurudi, si mchezo. Woga ni sababu pia. Vijijini watu husema kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa kwenye beseni, likarudishwa. Wengine wanaapa kwamba unawekewa la mbuzi. Si kweli. Jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Lakini sababu ambayo sisi husahau ni ule unyogovu wenyewe. Mtu aliyekwisha kusema "sina shughuli na habari za dunia" hatafuti daktari. Anakuambia pesa hizo mkalipe karo. Anakuambia miaka aliyobakiwa nayo ni michache, macho ya nini? Ukiyasikia maneno hayo utadhani ni ukarimu au hekima, na pengine kwa kiasi fulani ndivyo. Lakini ni dalili vilevile. Giza la macho lilileta giza la moyo, na sasa giza la moyo linalinda giza la macho lisiondolewe.

Dana alikataa mara tatu. Aliyemshinda si daktari wala si mama. Ni bibi kizee mwenzake wa ng'ambo ya kijito, aliyekuwa amepasuliwa mwaka uliotangulia. Alikuja, akaketi, akamwambia, "Tazama jicho langu. Limetoka? Mimi sasa natia uzi sindanoni." (Hapo alitia chumvi, kwa sababu ya karibu bado huhitaji miwani.) Wiki 2 baadaye walikwenda pamoja kwa matatu. Bendeji ilipofunguliwa asubuhi ya pili, neno la kwanza la Dana halikuwa shukrani. Alifika nyumbani, akatazama uwanja, akauliza, "Ni nani aliyeacha boma langu likawa msitu?" Sote tulicheka, naye akakasirika kwa kuchekwa, na mama akasema nyuma ya nyumba kwamba hajasikia hasira ile kwa mwaka mzima. Alikuwa amefurahi hata machozi yalimtoka.

Hiyo ni hadithi ya mtu mmoja, na ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Lakini wataalamu, mmoja wao bingwa wa macho Mkenya, Dkt. Wanjiku Mathenge, waliwafuatilia watu waliopita miaka 50 huko Nakuru na katika nchi za Bangladesh na Ufilipino, kabla ya kupasuliwa mtoto wa jicho na mwaka mmoja baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walirudia kazi za nyumbani na za kuleta riziki, na saa za kukaa bure zilipungua. Kwa mzee, saa za kukaa bure ndizo saa za kuwaza.

Nisidanganye watu, hata hivyo. Si kila jicho hurudi. Kuna glakoma, ambayo huharibu mshipa wa jicho kimyakimya kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Dawa na upasuaji huokoa kilichobaki tu. Kuna kisukari kinachoharibu nyuma ya jicho. Ndiyo maana mtu aliyepita miaka 40, hasa mwenye kisukari au mwenye jamaa aliyepofuka kwa glakoma, anapaswa kupimwa hata kama anaona vizuri. Na si kila huzuni hutoka machoni. Homa Bay ndiyo iliyoongoza kaunti zote kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, asilimia 19.6 ya watu wazima. Nyuma ya namba hiyo wako nyanya waliozika watoto wao na kulea wajukuu. Dana alizika wanawe wawili. Jicho limepona, lakini usiku fulani bado anaamka kuwafikiria, na hakuna lenzi ya hilo.

Kwa huzuni ya namna hiyo, na kwa asiyeweza kurudishiwa nuru, dawa kubwa ni watu. Nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kuketi kwenye benchi na mtu mwenye "kuwaza sana," ambako Washona hukuita kufungisisa, wakamsikiliza na kumsaidia kutatua tatizo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Angalia vizuri: hapo nyanya ndiye daktari! Zipo pia dawa za unyogovu, na daktari huzitoa akiona zinahitajika. Mzee akisema heri afe, au akianza kugawa vitu vyake bila sababu, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake. Wengine walikuwa wakificha mambo haya kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka Katiba.

Yako na madogo ambayo hayahitaji daktari. Unapomsalimu mzee asiyeona vizuri taja jina lako kwanza; usimfanyie mtihani wa "nadhani mimi ni nani," maana unamwaibisha. Usihamishe kiti chake bila kumwambia. Mwachie kazi ambayo mikono inaijua, kama kumenya njugu, kupukuchua mahindi au kusokota kamba, na usiirudie nyuma yake kama kwamba ameharibu. Msomee ujumbe wa simu wote, hata usiokupendeza. Wenzetu wanaosoma Kibos, kule Kisumu, wamethibitisha kwamba asiyeona anaweza kusoma na kufaulu, lakini wao walifundishwa wakiwa wadogo. Aliyepofuka akiwa na miaka 70 hana shule. Wa kumfundisha kutembea na fimbo ndani ya boma lake ni sisi.

Mwisho ni kipimo ambacho hata mwanafunzi anaweza kukifanya nyumbani. Mketishe nyanya au babu uani, mchana. Pima hatua kubwa 3, kama mita 3 hivi. Mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha umwonyeshe vidole 2, halafu 4, halafu 1. Rudia kwa jicho la pili, maana wengi hawajui kuwa jicho moja lilikwisha kwenda zamani. Akishindwa, au ukiona weupe katikati ya mboni, waambie wazazi, na mwulize mhamasishaji wa afya wa kijiji au hospitali ya kaunti siku ya kliniki ya macho ni gani, kwa kuwa katika hospitali nyingi haiwi kila siku. Aende na mtu wa kumshika mkono, maana dawa ya kupanua mboni huwafanya wasione vizuri kwa saa kadhaa. Na mchukulie kofia pana. Jua la kurudi litamwumiza macho njia nzima.